Haki Iliyoandikwa kwa Herufi ya Faida

Neno la Kiingereza right hutaja mkono wa kulia, jibu sahihi, tendo la uadilifu, na pia kile ambacho mtu anastahili kukidai mbele ya sheria. Msemaji wa Kiswahili hasumbuki sana na maana hizo mbili za mwisho, kwa kuwa haki, neno tulilolitoa Kiarabu, huzibeba pamoja. Wafasiri wa Japani wa karne ya 19 hawakuwa na neno la aina hiyo. Iliwabidi wachague, na kwa maoni yangu walichokiacha kilikuwa na uzito zaidi kuliko walichokichukua.

Neno lililoshinda ni kenri. Lilipitia China, ambako mmisionari Mmarekani William Martin alilitumia alipotafsiri kitabu cha Henry Wheaton cha sheria ya kimataifa. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1864 na kuchapishwa Japani mwaka uliofuata. Kenri huandikwa kwa herufi mbili za Kichina: ya kwanza ni mamlaka, ya pili ni faida. Katika maandishi ya kale ya mwanafalsafa wa China Xunzi, herufi hizohizo zinataja nguvu na mali, vitu visivyopaswa kumyumbisha mwenye elimu. Sifa mbaya kiasi hicho, kisha neno likapewa kazi ya kutetea wanyonge! Mwandishi wa Kijapani Fukuzawa Yukichi aliliona tatizo. Mwaka 1870 alieleza kwamba asili ya right ni unyoofu, na katika maandishi yake akapendelea kuweka, mahali pa faida, herufi yenye maana ya kanuni au mantiki. Ukiyasikia, maneno yote mawili ni kenri. Jicho pekee ndilo linaloyatofautisha.

Wapo watakaosema kwamba asili ya neno haimfungi anayelitumia, na kwamba hakimu wa Tokyo leo hawazii faida anapoandika kenri. Ni kweli kwa leo. Lakini katika miaka ya 1870 na 1880 neno lilikuwa bado geni, na watu walilielewa kwa kupitia herufi zake. Waliopigania minken, haki za raia, na waliotetea kokken, mamlaka ya dola, walitumia herufi ileile ya mamlaka, hata ikaonekana kama pande mbili zinagombea kitu kimoja. Mtafiti wa Kijapani Yanabu Akira alilionyesha hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1982. Wengine watauliza kwa nini neno right lisikopwe tu kwa sauti yake, yaani raito. Kijapani hakitofautishi r na l, hivyo raito ni taa, ni kitu chepesi, na ni mchezaji wa besiboli anayelinda upande wa kulia. Mahakamani lingezua vurugu.

Herufi ya Fukuzawa ingetosha, bila kubadili hata sauti. Katiba ya mwaka 1889 ilichukua ile ya faida, na Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 inaiandika vivyo hivyo hadi leo.