Mangumi za Rubavu: Miguu Kwanza

Msee, kama unaingia ndondi juu kuna jamaa wa mtaa unataka kumzima, hii story si yako. Hii ni ya wale wanahema wakipanda ngazi mbili, shati imeanza kubonga na kitambi, na gym inawaboo vibaya.

Gisenyi, mji wa Rubavu huku Rwanda, ni base safi ya kuanzia. Barabara ya kando ya Ziwa Kivu iko flat, miti zinakupea kivuli, na mchanga wa beach hauitishi mtu doh. Ziwa iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, so buda wa Mombasa atajua hajui mapema sana. Wa Nairobi wacheni kucheka: nyinyi mmetoka juu zaidi, lakini miguu zenu zimezoea kubebwa na mat.

Na ngori yote iko kwa hizo miguu. Mkocha mpoa hatakuonyesha ngumi kwanza, atakufunza kusimama. Ukitumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto unakaa mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka kiasi, magoti laini, kidevu chini, mikono kwa mashavu. Alafu unatembea hivyo hivyo, miguu bila kuvukana, mbele na nyuma, mpaka uanze kushuku umeibiwa fare. Tulia. Ngumi ya mkono wa nyuma huanzia kwa kisigino, inapita nyonga, inapanda bega, mkono unamalizia tu. Ukirusha na mkono pekee, raundi ya dakika tatu utaiona ndefu kama foleni ya kuvuka mpaka wa Goma pale Petite Barrière.

Pumzi nayo itoe kila ukirusha, fupi, kwa pua ama kwa meno. Wengi huishikilia bila kujua, wanakauka. George Foreman alikuwa na miaka 25 pale Kinshasa, 30 Oktoba 1974, na ngumi zake zilikuwa noma. Muhammad Ali, 32, akaegemea kamba, akamwacha apige tu. Kufika raundi ya nane Foreman alikuwa amechoka mbaya, na akalazwa. Misuli alikuwa nayo yote bado.

Mavitu za kununua ni kidogo: kamba ya kuruka, bendeji za mkono za mita 4.5 hivi, glavu za aunsi 14 ama 16 ukianza kugonga gunia. Usiguse gunia na mikono tupu juu uliona kwa muvi, kifundo kitakulilia. Na usitegemee bei za Gikomba kwa raba: 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na viatu vikaguswa pia. Kit nayo beba kwa bag. Juala za plastiki zilipigwa marufuku huku 2008, usishikwe na jasho yako mkononi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi sahau zoezi la asubuhi. Ni umuganda, mtaa wote uko nje na majembe, na wewe hapo unapigana na hewa? Shika jembe, nayo ni mazoezi.

Kiswahili kinashika hapa fiti, juu Goma iko hapo tu ng'ambo. Huko Goma, Kibomango, aliyekuwa mtoto jeshi kabla avae glavu, amefunza mayut kibao ndondi, madem wakiwemo. So dem asiogope kuulizia mazoezi. Ukiskia mkocha akipiga nduru "komeza!", usisimame kumuuliza ni nini, endelea kurusha.

Kupigana na mtu? Si lazima hata siku moja. Kamba, ndondi za kivuli na gunia zitakumaliza vizuri bila kichwa kuguswa, na mkocha akikutupa ringini siku ya kwanza, chukua bag uende.

Baadaye tafuta sambaza za kukaanga, hizo samaki ndogo za Kivu, protini ya bei poa. Bia ya Primus inapikwa hapo hapo Rubavu, kwa hivyo itakuita kwa jina. Iitikie Jumapili.