'Nimekufa': Uhalisia wa Kifo na Jeraha katika Michezo ya Urubani wa Vita

Ukiacha chuku, sentensi 'nimekufa' haina msemaji. Hata hivyo, kijana wa Kedowa aketiye mbele ya kompyuta aweza kuitamka, kisha akaanza upya. Katika IL-2 Sturmovik: Great Battles, mchezaji akiteua kifo cha kudumu, rubani wake akifa harejei tena. Hapo kitenzi hurudishiwa maana yake. Kinachopwaya ni jeraha. Roald Dahl, aliyeanza kufunzwa urubani Nairobi, alianguka na ndege katika jangwa la magharibi mwa Misri Septemba 1940. Fuvu likapasuka, macho yasione kwa majuma kadhaa. Alirejea vitani 1941, lakini maumivu ya kichwa yakamwondoa angani. Mchezoni, siku za hospitali hupita kwa kubofya kitufe.