MASHINE YA MASHUA INAYOZIMIKA KATIKA MWENDO WA POLE

Mbele ya ufuo wa Kinondo, kusini ya Diani katika Kaunti ya Kwale, mwamba wa matumbawe umenyooka sambamba na pwani. Ndani ya mwamba maji ni matulivu. Nje yake ni bahari kuu. Chombo kiendacho kuvua nje hupita penye nafasi kati ya miamba, ambayo wavuvi huiita mlango. Hapo nahodha hana budi kupunguza mwendo, apate kulitazama wimbi na kungoja wakati wa kupita. Mashine ikizimika mahali hapo, ni mkondo na mawimbi yatakayoamua chombo kiende wapi. Kwa hiyo mashine isiyoweza kuzunguka polepole si jambo la kuudhi tu, bali ni hatari kwa maisha ya watu na kwa mali yao.

Wavuvi wengi wa pwani hiyo bado hutumia tanga, kafi na pondo. Lakini wale wenye mashine za kufungwa shetrini waijua sana dalili hii: mashine huwaka, tena hukimbia vyema ipewapo mafuta mengi, lakini mara ipunguzwapo mwendo hutetemeka, hukohoa na kuzimika. Aghalabu huonekana baada ya Kusi kali, wakati vyombo vinaporudishwa majini baada ya kukaa pwani kwa sababu ya kuchafuka kwa bahari.

KAZI YA KABURETA

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia ndani ya mashine. Hewa ipitapo mahali palipobanwa huongeza kasi na msukumo wake hupungua, na kwa njia hiyo petroli huvutwa kutoka bakuli dogo lililo chini na kunyunyizwa. Ndani ya bakuli mna kiboya kinachoinuka na kushuka pamoja na petroli, na sindano inayofunga njia bakuli lijaapo.

Mashine inapokimbia, petroli hupita katika tundu kubwa. Inapokwenda polepole, hewa haina nguvu ya kuivuta katika tundu hilo. Basi hupita katika njia nyingine, ambayo upana wa tundu lake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Petroli ikiachwa miezi mingi ndani ya kabureta, sehemu yake nyepesi huyeyuka hewani na kubakiza utomvu unaonata. Tundu dogo ndilo huziba kwanza. Ndiyo maana mashine yaweza kukimbia vizuri na huku haiwezi kwenda pole.

KOSA LIFANYWALO MARA NYINGI

Watu wengi waonapo mashine inazimika, hukimbilia parafujo ya kuongeza mwendo na kuikaza mpaka mashine izunguke kwa nguvu hata isipokuwa na kazi. Hiyo si dawa. Gia ikiingizwa huku mashine inazunguka kwa kasi, meno yake hugongana na kulika, na chombo huruka mbele ghafula penye nyavu au penye watu wanaooga. Tena ugonjwa wenyewe hubaki palepale.

KUTAFUTA SABABU KWA UTARATIBU

Yafaa kuanza na mambo mepesi kabla ya kufungua kabureta, na yote yafanywe mbali na moto na sigara.

Kwanza, tundu la pumzi katika kifuniko cha tangi litazamwe kama limefunguliwa. Likiwa limefungwa, petroli haitoki sawasawa.

Pili, petroli kidogo itiwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na kuonekana. Yakionekana, tangi limwagwe na kichujio kisafishwe.

Tatu, mpira wa mafuta uchunguzwe kama una nyufa. Kibonyezo chake kikibonyezwa kwa mkono hapana budi kiwe kigumu. Ikiwa mashine inayotaka kuzimika hupona kila kibonyezwapo, basi yaelekea kosa liko katika mpira au pampu ya mafuta, si katika kabureta.

Nne, plagi zitolewe. Plagi nyeusi yenye kulowa huonyesha kwamba petroli au oili imezidi, au kwamba cheche ni dhaifu. Katika mashine za mipigo miwili kipimo cha oili kifuate kitabu cha mashine. Pakiandikwa sehemu 1 kwa 50, lita 20 za petroli hutaka mililita 400 za oili.

Tano, mashine ikiwa imekwisha kupata moto, kifuniko cha hewa, ambacho mafundi hukiita choki, kivutwe kidogo. Mashine ikitulia, ilikuwa na upungufu wa petroli: ama tundu dogo limeziba, ama hewa inaingia kwenye maungio. Ikizidi kukohoa, petroli imezidi: pengine sindano haifungi, au kiboya kimetoboka.

KUSAFISHA NA KUREKEBISHA

Ikithibitika kwamba tundu limeziba, bakuli lifunguliwe juu ya sinia safi ili vitu vidogo visipotee. Matundu yote yasafishwe kwa dawa ya kabureta na kupulizwa kwa pampu ya hewa. Waya usitumiwe kamwe, kwani hulipanua tundu, na tundu lililopanuliwa halina tiba ila kununua jipya. Uzi mwembamba wa nailoni wa mshipi wafaa zaidi.

Parafujo ya mchanganyiko isitolewe kabla ya kukazwa polepole mpaka ikome, huku mizunguko yake ikihesabiwa na kuandikwa. Ikirudishwa, iachwe kwa hesabu ileile. Kisha chombo kifungwe imara majini, mashine ipate moto, na parafujo hiyo izungushwe robo kwa robo, kwa kungoja kidogo kila mara, mpaka sauti iwe sawasawa. Hapo tu ndipo parafujo ya mwendo iguswe. Mashine isiwashwe nchi kavu bila maji ya kuipoza. Na mashine mpya zisizo na kabureta zapasa kupelekwa kwa fundi wake.

KINGA

Mashine itakayokaa muda mrefu iwekwe bila petroli. Ingali majini, mpira wa mafuta uchomolewe na mashine iachwe izunguke mpaka izime yenyewe. Kisha bakuli la kabureta limwagwe. Kazi hiyo ya dakika chache kabla ya Kusi huokoa siku nyingi za uvuvi wakati wa Kaskazi.

Tena kila safari, kabla ya kuuendea mlango, mwendo upunguzwe kwanza katika maji matulivu, nanga ikiwa tayari, mashine ijaribiwe kwa dakika chache ndani ya gia na nje ya gia. Ikizimika hapo, hasara ni ndogo: chombo hurudi pwani. Plagi ya akiba, spana, makafi na maboya ya kuokolea watu yasiachwe nyumbani hata mashine ikiwa nzima. Nahodha arudipo jioni, maji yakiwa yanakupwa na mwamba umeanza kuonekana, atahitaji mashine itakayomtii anapotaka kwenda polepole.