Kadi ya Wi-Fi Haijafa: Jinsi ya Kuiamsha kwenye Linux

Ukinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, kuna siku inakuja. Umechoka kusubiri Windows iwake, rafiki amekuwekea Linux, mashine imekuwa nyepesi, umefurahi. Kisha unabofya pembeni ya kioo kutafuta mtandao na hukuti kitu. Si kwamba mawimbi ni dhaifu. Alama ya Wi-Fi yenyewe haipo.

Ndivyo ilivyomtokea mdogo wangu. Yuko mwaka wa pili chuoni, laptopu aliinunua kwa hela aliyoidunduliza mihula miwili, na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi tukawa Mchafukoge, jirani na Mnazi Mmoja, kwenye meza ya fundi iliyobanwa chini ya ngazi za ghorofa. Fundi aliiwasha, akatazama, akaifunga.

“Kadi imekufa hii, dada. Nakuwekea nyingine, elfu arobaini, dakika kumi tu.”

Elfu arobaini kwa mwanafunzi si hela ndogo. Ni bando, ni nauli, ni chakula cha siku kadhaa. Nikamwomba fundi atupe nusu saa. Makala hii ndiyo hiyo nusu saa, ili nawe uweze kuifanya kabla hujatoa hela mfukoni.

Watatu lazima wakutane

Ili Wi-Fi ifanye kazi, vitu vitatu lazima viwepo kwa pamoja.

Cha kwanza ni kadi yenyewe: kipande kidogo chenye chipu ya redio, kinachotuma na kupokea mawimbi ya gigahezi 2.4, na kwa kadi nyingine gigahezi 5 pia.

Cha pili ni draiva. Keneli, yaani moyo wa Linux, haiwezi kuongea na kila kadi duniani kwa lugha moja. Fikiria mteja aliyetoka Songea kuja Kariakoo kuchukua mzigo, na mwenye mzigo anaongea Kichina peke yake. Biashara itafanyika akipatikana dalali anayezijua lugha zote mbili. Draiva ndiyo dalali huyo, na kila aina ya kadi ina dalali wake.

Cha tatu ndicho wengi hawakijui: fimuweya. Kadi nyingi za Wi-Fi ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Zina prosesa yake na kumbukumbu yake, na umeme ukikatika kumbukumbu hiyo inafutika. Ni kama mwenye duka anayesahau bei zote kila usiku. Asubuhi dalali lazima amletee daftari, la sivyo duka halifunguki. Daftari hilo ni faili la fimuweya, na kwenye Linux hukaa ndani ya folda ya /lib/firmware.

Sasa ona tatizo lilipo. Draiva ikikosekana, alama ya Wi-Fi haipo. Fimuweya ikikosekana, alama haipo. Kadi ikiwa imeungua kweli, alama pia haipo. Ukiangalia kioo tu, huwezi kujua ni ugonjwa gani kati ya hayo matatu. Inabidi uiulize mashine.

Hatua ya 1: Uliza ndani kuna nini

Fungua teminali, andika:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Kwa laptopu ya mdogo wangu, majibu muhimu yalikuwa haya:

Network controller: Broadcom BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]
Kernel driver in use: bcma-pci-bridge

Hapo hapo tukajua jambo kubwa: kadi inaonekana. Keneli imeikuta mahali pake na imesoma jina lake. Kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haijitambulishi.

Zitazame namba zilizo kwenye mabano ya mraba. Hizo ndizo kitambulisho halisi, kuliko hata stika iliyobandikwa chini ya laptopu. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Nusu ya pili ni modeli. Ukitafuta msaada mtandaoni tafuta kwa namba hizo, si kwa jina la laptopu, kwa sababu laptopu za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti.

Mstari wa pili unasema ni draiva gani imeishika kadi. Usidanganyike ukiona kuna jina pale. Hiyo bcma inajua njia ya kufika kwenye chipu, lakini kuiendesha redio ya BCM43142 haiwezi. Ni dalali anayekufikisha mpaka mlangoni mwa duka, kisha lugha inamshinda.

Kama kadi yako ni ile ndogo inayochomekwa kwenye tundu la USB, tumia amri ya lsusb badala ya lspci.

Hatua ya 2: Hakikisha hujaizima mwenyewe

rfkill list

Ukiona “Soft blocked: yes”, redio imezimwa na programu. Iwashe kwa sudo rfkill unblock wifi. Ukiona “Hard blocked: yes”, hakuna amri itakayokusaidia. Tafuta swichi ya kidole ubavuni mwa laptopu za zamani, au kitufe chenye picha ya mnara au ndege kwenye kibodi. Swichi hizo hujisogeza zenyewe ndani ya begi. Usione aibu, wataalamu wakubwa wamehangaika saa nzima kumbe ni swichi.

Hatua ya 3: Sikiliza keneli inalalamika nini

sudo dmesg | grep -i firmware

Keneli huandika kila kinachotokea tangu mashine inapowaka. Ukikuta sentensi yenye “failed with error -2”, maana yake ni moja tu: faili halikupatikana. Daftari halijaletwa. Lakini soma mpaka mwisho. Draiva ya kadi za Intel huanza kutafuta toleo jipya la fimuweya, likikosekana inashuka kwa la chini yake, kwa hiyo mistari miwili mitatu ya makosa si ugonjwa kama mwishoni faili mojawapo limepatikana.

Watumiaji wa Debian wa zamani watakumbuka mateso haya. Fimuweya nyingi si programu huria, hivyo Debian ilikuwa haiziweki kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili msimamo, na kuanzia Debian 12 iliyotoka 2023 fimuweya zinakuja humo humo.

Hatua ya 4: Azima intaneti ya simu

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Ili upate draiva ya Wi-Fi unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji Wi-Fi.

Dawa iko mfukoni mwako. Chomeka simu ya Android kwenye laptopu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kwa simu nyingi Linux itaiona kama kadi ya mtandao wa waya, na hutahitaji kusakinisha kitu. Hakikisha waya ni wa kupitisha data, si ule wa kuchajia tu. Na kama uko chuoni, unganisha simu kwenye Wi-Fi ya chuo kwanza. Simu nyingi zitaipitisha kwa waya hadi kwenye laptopu, bando lako lisiguswe.

Hatua ya 5: Mlete dalali anayestahili

Kwa kadi yenye namba 14e4:4365, dalali anayefaa anaitwa wl. Kwenye Ubuntu na Linux Mint:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kwenye Debian kifurushi kinaitwa broadcom-sta-dkms, na kinahitaji uwe umeruhusu sehemu ya non-free pamoja na kusakinisha faili za linux-headers za keneli yako.

Tahadhari mbili. Kwanza, ushauri mwingi utakaokutana nao utakwambia uweke firmware-b43-installer kwa kila kadi ya Broadcom. Hiyo ni kwa kadi za zamani zinazotumia draiva ya b43. Kwa 4365 haitasaidia chochote. Ndiyo maana tulianza na namba.

Pili, kama Secure Boot imewashwa, usakinishaji utakuomba utunge nywila. Iandike mahali. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu inayotisha kidogo: chagua Enroll MOK, weka nywila ile, endelea. Ukiipita skrini hiyo, keneli itaikataa draiva kwa kuwa haina sahihi inayoitambua, nawe utadhani ulikosea amri.

Mdogo wangu aliipita. Tukarudia. Mara ya pili alama ya Wi-Fi ilitokea, na majina ya mitandao ya ghorofa nzima yakajipanga kwenye kioo. Fundi akasogeza kiti.

Kwa nini Linux haikuja nayo tangu mwanzo?

Swali hili fundi ndiye aliyeliuliza, na jibu lake si la umeme. Ni la leseni.

Desemba 2002 kampuni ya Linksys iliingiza sokoni ruta ya WRT54G. Ndani yake kulikuwa na chipu ya Broadcom, na programu iliyoiendesha ilikuwa Linux. Leseni ya Linux inasema ukisambaza programu hiyo lazima utoe na msimbo wake. Watu wakadai, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Lakini draiva ya redio ilibaki imefungwa.

Watu wa kujitolea wakaamua kuizunguka. Kundi moja lilichambua draiva iliyofungwa na kuandika kwa maneno jinsi chipu inavyofanya kazi. Kundi la pili, bila kuigusa draiva ile, likasoma maelezo hayo na kuandika draiva mpya. Waligawana hivyo ili asiwepo wa kusema wameiba. Kazi yao iliingia kwenye Linux 2.6.17 mwaka 2006. Septemba 2010 Broadcom yenyewe ikatoa draiva huria, ila kwa baadhi tu ya chipu zake. BCM43142 haikupata bahati hiyo. Draiva yake ya wl mpaka leo ni boksi lililofungwa, lenye ganda jembamba la msimbo linalotengenezwa upya kila keneli inapobadilika.

Ndiyo maana siku moja utasasisha Linux na Wi-Fi itapotea tena. Usiogope. Washa upya, na kwenye menyu ya mwanzo chagua keneli ya zamani. Ukishapata mtandao, subiri sasisho la draiva.

Sasa linganisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi: waliotaka kuugeuza wangeweza kuukalia hapa hapa nyumbani na kuugeuza. Kilicho wazi kinatengenezeka Dar. Kilichofungwa kinatusubirisha mpaka mwenyewe apende. Kumbuka hilo siku ukinunua laptopu nyingine, na kama muuzaji hana haraka, iwashe kwa Linux ya kwenye flashi uone kama Wi-Fi inaitika kabla hujalipa.

Na kama imekufa kweli?

Inawezekana. Kama lspci na lsusb zote haziioni kadi, angalia kwanza kwenye BIOS kama haijazimwa, kisha mwombe fundi aichomoe na kuirudisha, maana wakati mwingine imelegea tu. Isipoonekana bado, fundi ana haki.

Lakini kabla hajakuwekea nyingine, muulize kama laptopu yako itaikubali. Baadhi ya laptopu za zamani, zikiwemo ThinkPad na HP kadhaa, zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, mashine inakataa hata kuwaka mpaka uitoe. Hapo elfu arobaini imekwenda, na tatizo limekuwa kubwa kuliko ulilokuja nalo. Kadi ndogo ya USB mara nyingi ni njia salama zaidi, mradi utafute namba zake kwanza.

Fundi wetu hakutaka hela ya nusu saa ile, tukamwachia ya soda. Alichotaka ni ile amri ya kwanza. Akachana kipande cha boksi la simu, akaiandika kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika ukutani juu ya meza yake. Mdogo wangu ripoti aliituma Jumapili usiku.