Kuoa na Kuolewa

Mwaka 1949 Simone de Beauvoir wa Ufaransa alitoa kitabu chake, Le Deuxième Sexe. Hoja yake kubwa ni kwamba mwanamume hufanywa kipimo cha ubinadamu, na mwanamke huhesabiwa kuwa mwingine tu. Msomaji wa Kiswahili akiisha kukisoma hawezi tena kulipita neno kuolewa bila ya kusimama. Mume huoa, mke huolewa. Mmoja mtenda, mwenziwe mtendwa. Kuoana kupo, lakini hakukuiondoa desturi hiyo. Walakini kiambishi a- hakibagui mume na mke, neema ambayo Kifaransa hakinayo. Hapa mfasiri atapata taabu asiyoitazamia: il na elle, ambayo Kifaransa huyatenga, kwetu ni neno moja, yeye.