Fahamu: Mfumo wa kompyuta unaostahimili hitilafu

Ni nini?

Ni mfumo unaoendelea kutoa huduma hata sehemu yake moja ikiharibika. Msingi wake ni akiba: seva ya pili, nakala ya data katika jengo jingine.

Mbona akiba hushindwa?

Akiba inayofanana kabisa na kifaa cha kwanza hubeba kosa lilelile, na hapa ndipo wengi hukosea. Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou ikiwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo, programu moja. Namba moja ilizidi nafasi iliyotengewa; kompyuta ya akiba ikazima, ya kwanza ikafuata papo hapo. Roketi ikalipuka angani.

Dawa yake?

Kutofautisha. Ndege ya Airbus A320 huongozwa na kompyuta za aina mbili, programu zake zikiandikwa na timu tofauti.