Kuitia Matini Nambari za Mistari: Amri ya nl na Utafiti wa Nyanjani Bungoma na Kitale

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayechambua diwani iliyochapishwa hana shida ya ushahidi. Hutaja ukurasa, ubeti na mshororo, na msomaji akitaka kuhakiki hukifungua kitabu. Hali ni tofauti kwa anayechambua matini aliyoikusanya mwenyewe, iwe hotuba ya matanga kule Bungoma au mazungumzo ya wauzaji wa mahindi sokoni Kitale. Ushahidi wake ni unukuzi alioupiga chapa mwenyewe. Akidai kwamba mzungumzaji anachanganya ndimi "kuelekea mwisho wa mazungumzo", mtahini ataupata wapi mwisho huo katika kurasa thelathini za kiambatisho?

Makala haya yanaeleza jinsi amri ya tarakilishi iitwayo nl inavyoitia matini nambari za mistari. Aidha, yanadhihirisha kwamba nambari hizo hazina thamani mpaka mtafiti aamue kwanza ni kitu gani anachokihesabu.

2.0 Amri ya nl na utendaji wake

nl ni programu ndogo ipatikanayo katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika jina lake kwenye dirisha la amri, kisha jina la faili:

nl hotuba.txt

Papo hapo matini huonyeshwa ikiwa na nambari upande wa kushoto. Faili yenyewe haibadiliki. Kinachoonekana ni nakala tu. Ni sharti faili iwe ya maandishi matupu, yasiyo na wino mzito wala italiki. Vilevile, ikumbukwe kuwa kwa tarakilishi mstari humalizika pale tu kitufe cha Enter kilipobonyezwa. Aya ndefu inayojaza nusu ya skrini bila kitufe hicho ni mstari mmoja.

3.0 Mstari mtupu: nao ni mstari?

Tuchukue shairi la tarbia lenye beti 10, kila ubeti ukiwa na mishororo 4 na beti zikitenganishwa kwa mstari mtupu. Mishororo ni 40, na mistari mitupu ni 9. Amri ya nl, isipoelekezwa vingine, huiruka mistari mitupu. Kwa hiyo mshororo wa kwanza wa ubeti wa 10 hupata nambari 37, na wa mwisho 40, sawasawa na hesabu ya mhakiki wa ushairi. Lakini tukiandika:

nl -ba shairi.txt

kila mstari huhesabiwa, mtupu na usio mtupu. Mshororo ule ule wa 37 sasa huwa wa 46, na shairi huishia 49. Hakuna hesabu iliyo na kosa kati ya hizi mbili. Kosa ni kuzichanganya. Amri ya grep -n, itumikayo kutafuta neno na kutaja mstari wake, huhesabu mistari yote. Mtafiti anayelitafuta neno kwa grep na kuambatisha shairi lililotiwa nambari kwa nl atamwelekeza msomaji wake pasipo.

4.0 Bungoma: matini na tafsiri yake

Miongoni mwa Wabukusu kuna khuswala kumuse, hotuba itolewayo baada ya maziko ya mzee aliyeheshimika. Mneni huwafariji wafiwa, huisimulia historia ya jamii na kuwaonya walio hai. Anayeichunguza kwa Kiswahili huwa na faili mbili: unukuzi wa Kibukusu na tafsiri yake. Akiwa ameamua kwamba kila mstari wa asili utakuwa na mstari mmoja wa tafsiri, basi:

nl -ba kibukusu.txt | tail -n 1
nl -ba kiswahili.txt | tail -n 1

humwonyesha mstari wa mwisho wa kila faili pamoja na nambari yake. Moja ikiishia 213 na nyingine 212, kuna kauli ya mneni iliyoangushwa au mistari miwili iliyounganishwa katika tafsiri. Nambari zikilingana, bado asome, kwani makosa mawili yanaweza kufichana.

5.0 Kitale: kuhesabu zamu za mzungumzaji mmoja

Kitale, mji ulio kati ya Mlima Elgon na Milima ya Cherang'any, huwakutanisha Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na wengineo, na Kiswahili ndicho daraja lao sokoni. Tuseme mtafiti anachunguza lugha ya ushawishi ya wauzaji pekee. Mfano ufuatao ni wa kubuni. M ni mnunuzi, U ni muuzaji:

M: Gorogoro ni pesa ngapi leo?
U: Kwako mama, nitakupunguzia.
M: Haya, nipimie mbili.
U: Leta mfuko.

Amri hii:

nl -b 'p^U:' soko.txt

huitia nambari mistari inayoanza kwa U: peke yake. "Kwako mama" hupata 1, na "Leta mfuko" 2. Kauli za mnunuzi hubaki mahali pake bila nambari, hivyo muktadha haupotei.

6.0 Tahadhari

Kwanza, anayetaka kuhifadhi matokeo aipe faili mpya jina tofauti:

nl -ba soko.txt > soko_nambari.txt

Akiandika jina lile lile pande zote mbili, faili hufutwa kabla nl haijaisoma, na kazi ya wiki nzima ya kunukuu kanda hutoweka bila onyo.

Pili, faili zilizopigwa chapa katika Windows huwa na alama iliyofichika mwishoni mwa kila mstari. Kwa sababu hiyo mstari uonekanao mtupu huhesabiwa. Dawa yake ni:

tr -d '\r' < shairi.txt > shairi_safi.txt

Tatu, nambari zitiwe baada ya unukuzi kusahihishwa kikamilifu. Mstari mmoja ukiongezwa baadaye, marejeleo yote yanayofuata huhama.

7.0 Hitimisho

Amri ya nl haichambui chochote. Humlazimu mtafiti aseme kipimo chake ni mshororo, mstari wa faili au zamu ya mzungumzaji, na akiseme waziwazi katika sura ya mbinu za utafiti. Mzee wa Bungoma aliyeturuhusu kuyanasa maneno yake, na mama wa Kitale aliyekubali kinasasauti kando ya magunia yake, wanatudai uaminifu. Sehemu ya uaminifu huo ni kumwezesha msomaji mwingine kuyafikia maneno yao pale pale tulipoyakuta.